Fensi ya msumeno wa meza: tazama kifungo na meza kabla ya kutazama urefu

Unapasua ubao wa mita mbili. Mwanzoni upana wake ni sentimita 10 kamili, mwishoni umezidi kwa milimita moja na nusu, na ukingo umebaki na michirizi myeusi ya kuungua. Lawama ya kwanza huiendea bledi. Inatolewa, inanolewa, pengine inanunuliwa nyingine, na ubao unaofuata unatoka vilevile. Mara nyingi bledi haina kosa. Kosa liko kwenye fensi, yaani ule mhimili wa chuma au alumini unaofungwa sambamba na bledi ili ubao uuegemee unaposukumwa.

Kwenye misumeno mingi ya bei ya chini na ya kati, fensi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Mota inaweza kuwa na nguvu ya kutosha na meza ya chuma cha kusubu ikawa imenyooka, halafu juu yake ikawekwa fensi inayocheza. Ndiyo maana fensi za kubadilishia zinauzwa peke yake, na ndiyo maana mnunuzi huchanganyikiwa. Macho huvutwa na urefu wa reli (vyuma vya kwenye kingo za meza ambavyo fensi husogea juu yake), wingi wa mifereji kwenye uso wa fensi na udogo wa mistari ya kipimo. Hayo yote huja baadaye. La kwanza ni jinsi fensi inavyojifunga, na la pili ni kile ambacho meza yako inaweza kuipa cha kushikilia. Ukikosea hayo mawili, fensi ghali itakupa ubao uleule uliopinda.

Kwanza tuelewe fensi inabeba nini. Bledi ya inchi 10 (milimita 254) ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha za meno yake zinakwenda karibu mita 53 kwa sekunde, sawa na kilomita 190 kwa saa. Meno ya mbele yanashuka na kuukandamiza ubao kwenye meza, hapo hakuna shida. Meno ya nyuma yanapanda. Ubao ukibanwa kati ya fensi na meno hayo ya nyuma, unainuliwa na kurushwa kumwelekea aliyesimama mbele ya mashine. Kwa hiyo fensi ambayo mwisho wake umeinamia bledi haiharibu kazi tu, inaweza kumuumiza mtu. Fensi iliyosimama sawa wakati haijaguswa, lakini ikasogea inaposukumwa, ni mbaya zaidi, kwa sababu ukiipima itaonekana nzima.

Pima kabla ya kununua

Chomoa plagi kwanza. Weka alama ya kalamu kwenye jino moja la bledi, upime umbali wake hadi ukingo wa mfereji ulio mezani (ule ambamo huteleza kigezo cha pembe, kifaa cha kusukumia ubao kwa pembe), jino likiwa mbele. Zungusha bledi kwa mkono hadi jino lilelile liwe nyuma, upime tena. Vipimo viwili vikitofautiana, bledi yenyewe haiko sambamba na mfereji, na hakuna fensi duniani itakayoponya hilo. Hapo unalegeza bolti zinazoshikilia kitako cha bledi chini ya meza, au bolti za meza yenyewe kulingana na aina ya mashine, unanyoosha, unakaza, unapima upya.

Bledi ikishakaa sawa, geukia fensi. Ifunge karibu na mfereji, upime nafasi mbele na nyuma. Fungua, isogeze mbali, irudishe, ifunge, pima tena. Rudia mara kadhaa. Hapa ndipo jibu lilipo. Tofauti ikiwa ileile kila mara, tuseme nyuma inazidi kwa milimita moja na haibadiliki, fensi yako ni nzima na imekosa tu kurekebishwa. Tafuta skrubu zake za kunyooshea uzikaze inavyopasa. Tofauti ikibadilika kila unapofunga, mara nyuma imeingia ndani, mara imetoka nje, kifungo ndicho kibovu.

Jaribio la mwisho watu wengi hawalifanyi. Funga fensi, weka geji ya sindano (kipimo kinachoonyesha hata msogeo mdogo sana) ikigusa mwisho wake wa nyuma, kisha ibonyeze kwa upande kwa nguvu ileile unayotumia unapopasua ubao mzito. Sindano ikisogea kidogo ikarudi palepale, ni chuma kinapinda kama chuma chochote kinavyopinda. Ikisogea isirudi, fensi inateleza kwenye reli. Kwa kazi ya makabati na milango, mimi hukubali mnyumbuko wa sehemu ya kumi ya milimita katikati ya fensi, mkabala na bledi. Nusu milimita siikubali.

Kabla hujaihukumu fensi, ifute reli. Vumbi lililochanganyika na utomvu hukaa kama gundi na kuzuia kichwa cha fensi, yaani sehemu yake inayokaa juu ya reli ya mbele, kukaa vizuri. Angalia pia vile vipande vya nailoni vinavyoteleza juu ya reli, kwani vikiisha fensi hulegea, na kuvibadilisha ni kazi ndogo. Kama shida ni uso uliobonyea, rula ndefu ya chuma na fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia uwazi) vitaonyesha, na uso unaweza kubadilishwa peke yake au kunyooshwa kwa kuingiza vipande vya karatasi nyuma yake. Fensi nyingi zinazotupwa zingeponea hapa.

Jinsi zinavyojifunga

Tuseme umepima na kifungo kimeshindwa. Sasa unachagua, na tofauti kubwa kati ya fensi na fensi ni mahali inaposhika.

Aina ya zamani hushika mbele na nyuma kwa pamoja. Unazungusha kishikio mbele, fimbo iliyo ndani ya fensi inavuta kidude cha nyuma, ncha zote mbili zinabana reli. Misumeno ya kampuni ya Delta ilikuja na fensi ya namna hii, Jet Lock, kwa miaka mingi. Kwa nguvu ya kushika haina lawama, maana ncha mbili zimeshikwa. Taabu yake ni kwamba ncha inayoshika kwanza ndiyo inayoamua fensi isimame wapi. Nyuma ikishika kabla mbele haijatulia, fensi inapinda na kufungwa ikiwa imepinda. Fundi aliyeizoea huivuta kwa mkono mmoja huku akiifunga kwa mwingine, halafu bado anapima mbele na nyuma kila mara. Mtu wa kufanya kazi siku nzima hawezi kuendelea hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Arizona, Marekani, Bill Biesemeyer alileta wazo lililogeuza mambo. Mbele ya meza aliweka bomba la pembe nne la chuma lililofungwa juu ya chuma cha engo. Fensi yenyewe imechomelewa kwenye kichwa kipana, hivyo umbo lake lote ni herufi T. Kichwa kinakaa juu ya bomba, na mkono wa kufungia unasukuma kibanio kinachokivuta kichwa chote kigandamane na bomba. Nyuma hakuna kufunga chochote, fensi inateleza tu juu ya meza au juu ya reli nyembamba. Kwa kuwa kichwa kinagusa bomba kwa pedi mbili zilizoachana, kila unapofunga fensi inalazimika kusimama kwenye pembe ileile. Huna haja ya kupima nyuma. Mashine nyingi za karakana leo zina fensi ya umbo hili, za kampuni mbalimbali, na ukisikia mtu anasifu fensi yake bila kuitaja aina, kuna uwezekano mkubwa ni T.

Hata hivyo T hazilingani, na cha kutazama ni upana wa kichwa. Fanya hesabu: kichwa kikiwa na sentimita 30 kati ya pedi na pedi, na pakawa na mchezo wa sehemu ya kumi ya milimita kwenye kifungo, kwenye ncha ya fensi ya sentimita 75 mchezo huo unafika robo milimita. Kichwa kikiwa cha sentimita 15, mchezo uleule unakuwa nusu milimita. Kwa hiyo ukiwa dukani au ukitazama picha, acha kwanza rangi na kipimo, tazama kichwa. Kisha uliza bomba la mbele lina unene gani. Bomba jembamba hubonyea pale kibanio kinapoligonga, na likishabonyea, fensi itapenda kurudi kwenye shimo lake kila unapotaka kuisogeza kidogo tu. Kampuni ya Vega wao hutumia bomba la duara na skrubu ndogo ya kusogeza fensi kidogo kidogo. Ni njia tofauti, nayo inafanya kazi vizuri.

Kuna fensi zinazoendeshwa kwa meno. DeWalt wameziweka kwenye misumeno yao ya kubebeka: unazungusha kitasa, na reli za mbele na nyuma zinatoka pamoja zikibeba fensi, hivyo haipati nafasi ya kupinda. Ni mfumo mzuri kweli. Lakini umejengwa ndani ya mwili wa mashine, si kitu cha kununua na kukifunga kwenye msumeno mwingine. Ukiupenda, unanunua mashine nzima.

Aina nyingine ni ile ambayo uso wa fensi ni upau wa alumini unaotelezeshwa mbele na nyuma juu ya kichwa chake. Unifence ya Delta iko hivyo, na misumeno mingi ya Ulaya pia. Faida yake ni kwamba unaweza kuufupisha uso uishie karibu na meno ya mbele ya bledi. Mbao nyingine zikipasuliwa hufunguka kama mkasi kwa sababu ya mkazo uliokuwa ndani yake, na kipande cha kulia kikiwa na fensi ndefu ubavuni kinakosa pa kwenda ila kwenye bledi. Fensi fupi inakipa nafasi. Vilevile upau huo unaweza kulazwa ukawa mfupi kwa kimo, jambo linalosaidia unapopasua vipande vyembamba, kwa kuwa mkono au kijiti cha kusukumia hupata nafasi ya kupita. Upungufu wake ni kwamba una upande mmoja tu wa kufanyia kazi. Anayetumia fensi pande zote za bledi ataudhika.

Mwisho kuna mifumo ya skrubu ndefu kama ile ya kampuni ya Incra, ambapo fensi inarukia vituo vya umbali uliopangwa. Kwa anayefanya maungio ya droo na visanduku ni raha. Kwa anayepasua mbao za kuezekea ni gharama na nafasi iliyopotea, kwa sababu mfumo wenyewe unajitokeza mbali upande wa kulia wa meza.

Meza yako inasema nini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Fensi nzuri inafika, sanduku linafunguliwa, matundu ya reli hayakutani na matundu ya meza.

Anza na kina cha meza, kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Meza nyingi za misumeno mikubwa ya Marekani na zile zilizoigwa kwake zina inchi 27, karibu milimita 686, na fensi nyingi za kubadilishia zimekatwa kwa kina hicho. Msumeno mdogo una kina kifupi zaidi, kwa hiyo fensi itajitokeza nyuma. Si kosa la kufa, ila mwisho huo unaoning'inia hauegemei chochote na utapungia ukisukumwa.

Kisha tazama ukingo wa mbele. Kama ni chuma cha kusubu chenye unene wa kutosha, utatoboa matundu mapya kwa drili ya kawaida bila taabu, kwa sababu chuma hicho hutoboka vizuri na huachia unga mkavu. Angalia tu upande wa ndani usije ukatoboa kwenye ubavu wa kuimarishia, ambako nati haitapata pa kukaa. Kama meza ni bati lililokunjwa au alumini nyembamba, reli nzito ya chuma itaivuta na kuipinda. Kwa misumeno hiyo mimi husema usiifunge T ya chuma. Uzito wa fensi na reli zake unaweza kuikaribia nusu ya uzito wa mashine nzima, na mashine inayoelemea mbele si ya kusimama nayo karibu.

Pima pia urefu kutoka uso wa meza hadi chini ya mfereji. Reli ya mbele lazima ikae chini ya hapo, la sivyo kigezo cha pembe hakitaweza kuingia kwenye mfereji. Swichi iko wapi? Reli ikishuka mbele yake, mkono hautaifikia haraka wakati wa dharura, na hapo inabidi swichi ihamishwe kwanza. Nyuma nako kuna jambo: kwenye misumeno ya zamani, ule ulimi wa chuma unaosimama nyuma ya bledi kuzuia ubao usifumbe, pamoja na kifuniko cha bledi, vimefungwa kwenye bano lililoko ukingo wa nyuma. Reli mpya ya nyuma ikigombania nafasi na bano hilo, usiung'oe ulimi. Kata reli, au tumia fensi isiyohitaji reli ya nyuma. Ulimi ule unazuia ajali nyingi kuliko fensi yoyote.

Urefu wa kutosha

Reli huuzwa kwa upana unaoweza kupasuliwa kulia kwa bledi. Ukubwa wa kawaida ni kama inchi 30 (sentimita 76) na inchi 50 au 52 (sentimita 127 hadi 132). Ule mkubwa unatamanisha. Lakini shiti ya plaiwudi ina upana wa sentimita 122, na kuigawa katikati kunahitaji sentimita 61 tu. Ubavu wa kabati la jikoni la chini huwa karibu sentimita 60. Sentimita 76 zinatosha kwa kazi nyingi mno, na kwa kipande kikubwa kuliko hapo ni salama zaidi kukata kwa msumeno wa umeme wa kushika mkononi unaoteleza kwenye rula kuliko kupigana na shiti nzima juu ya meza. Reli ndefu pia inataka meza ya nyongeza upande wa kulia, na miguu ya kuibeba. Ichukue kama kweli unakata shiti kwa wingi na una sakafu ya kutosha.

Uso, mlalo na kipimo

Uso wa fensi uwe umenyooka na usimame wima juu ya meza. Vingine ni upendeleo. Plaiwudi yenye fomaika huteleza vizuri na inabadilishika. Plastiki nzito nyeupe inateleza zaidi ila hupanuka kwa joto, na ikiwa imekazwa kwa skrubu nyingi inaweza kufanya mawimbi. Alumini yenye mifereji hurahisisha kufunga vibanio na uso wa muda wa mbao pale bledi inapotakiwa kuugusa. Nafasi ndogo kati ya fensi na meza ni ya kawaida kwenye T, lakini ukipasua fomaika yenyewe itachomoza chini yake, na hapo unafunga uso wa muda unaogusa meza.

Kama bledi yako inalala kulia, yaani kuelekea fensi, mkato wa mshazari unafanya ubao unase chini ya bledi. Kwa mkato huo ni afadhali fensi ihamie kushoto, kwa hiyo chagua yenye nyuso mbili na reli inayofika kushoto kwa bledi. Bledi zinazolala kushoto hazina shida hiyo, ila kwake unene wa bledi ukibadilika, sifuri ya kipimo hubadilika pia.

Kuhusu kipimo chenyewe, hakikisha tu kimeandikwa kwa uniti unazotumia. Tepu ya kubandika hubadilishwa kwa dakika chache.

Kuifunga

Funga chuma cha engo cha mbele kwa bolti bila kukaza kabisa, ukilinganishe na uso wa meza kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kaza. Weka bomba juu yake. Sogeza fensi hadi kwenye ukingo wa mfereji, uinyooshe kwa skrubu za kichwa hadi iwe sambamba. Mafundi wengi hupenda kuiacha nyuma ifunguke kwa sehemu ya kumi ya milimita kulia kwa bledi, na mimi nakubaliana nao, kwa sharti kwamba hutumii fensi hiyo kushoto. Ukiipeleka kushoto, uwazi ule unageuka kuwa mbano. Anayetumia pande zote mbili aiache sambamba kamili.

Kisha weka sikweya mezani, usimamishe uso wima. Tepu ya kipimo bandika baada ya hayo yote: pasua kipande cha ubao, ukipime kwa kalipa, na usogeze mshale wa kipimo usome upana huohuo. Baada ya kazi za siku chache kaza bolti za reli upya, kwa kuwa rangi iliyo chini ya wosha hubonyea na bolti zikalegea, kisha rudia lile jaribio la geji ukiibonyeza fensi kwa upande.